Na kazi nyingine atakazopangiwa

Kila aliyewahi kutafuta ajira Tanzania anaujua mstari huu. Hukaa mwisho kabisa wa orodha ya majukumu, baada ya kuandaa taarifa, kutunza kumbukumbu na kushauri, nao haubadiliki hata kama anayetafutwa ni mhasibu, dereva au mtakwimu: kufanya kazi nyingine atakazopangiwa na msimamizi wake. Msomaji huupita mbio, kama anavyolipita jina la mpiga chapa chini ya kalenda. Mimi pia niliupita. Imenichukua miaka sita kuelewa kwamba mistari ile mingine ilikuwa utangulizi tu, na kwamba kazi yenyewe ilikuwa imejibanza ndani ya huo wa mwisho.

Kwenye mkataba mimi ni mwandishi wa miongozo ya matumizi. Ni kazi isiyofahamika. Harusini nikisema mimi ni mwandishi, swali linalofuata ni gazeti gani. Nikieleza kwamba naandika yale maelekezo ya programu na mashine, bonyeza hapa, ingiza namba pale, mtu hunitazama kwa huruma na kuniuliza kama kuna anayeyasoma. Yupo. Huyasoma wakati mambo yamekwama, amekasirika, mteja kasimama mbele yake na chaji ya simu inakaribia kuisha. Huyo ndiye msomaji wangu, na sijawahi kupewa mwingine.

Kampuni yenyewe ni ndogo, iko Kijitonyama, maeneo ya Sayansi. Tunatengeneza mifumo miwili: mmoja wa wenye maduka kuweka hesabu za mauzo na madeni, mwingine wa kuwatumia wafugaji na wachuuzi bei za mifugo kwa ujumbe mfupi wa simu. Nilipoingia tulikuwa watu 9: madevelopa watano, mkurugenzi, mhasibu, kijana wa masoko na mimi. Hesabu hiyo isome tena, utaona wasiokuwepo. Hakukuwa na mtu wa kujaribu mfumo kabla haujatoka, wala wa kupokea simu za wateja, wala mkufunzi, wala mfasiri. Hakuna aliyetangaza kwamba nafasi hizo ni zangu. Zilinifuata zenyewe, moja moja, kama maji yanavyofuata bonde.

Kwenye mpira tuna neno la mtu wa namna hii. Erasto Nyoni alicheza miaka mingi Azam, Simba na Taifa Stars akiitwa kiraka, kwa kuwa kocha aliweza kumpanga beki wa kati leo, beki wa pembeni kesho, na mechi ya tatu akamkuta kiungo mkabaji. Kwa Nyoni jina lile lilikuwa sifa. Lakini litazame neno lenyewe. Kiraka ni kitambaa cha kuziba palipochanika, na hakuna anayekwenda dukani kununua kitambaa cha kiraka. Huchukuliwa kilichopo karibu.

Kilichonifanya niwe karibu ni deni la shilingi elfu kumi na tano.

Ilikuwa wiki yangu ya pili. Nilikuwa naandika namna mwenye duka anavyosajili deni la mteja: fungua menyu, chagua Madeni, chagua jina, ingiza kiasi, bonyeza Hifadhi. Naandika huku nafanya, maana huwezi kumwelekeza mtu njia ambayo hujaipita. Nilipobonyeza Hifadhi, skrini ilirudi mwanzo na deni halikuonekana popote. Nikarudia mara tatu. Nikamwita developa aliyeijenga sehemu hiyo. Akaja, akaketi, akajaribu, deni likaingia. "Dada, mbona kwangu inafanya kazi?"

Ilifanya kazi kwake kwa sababu aliandika 15000. Mimi niliandika 15,000/=, kama inavyoandikwa kwenye kila daftari la deni kuanzia Kariakoo hadi Mbagala. Mfumo haukuujua mkato, wala ile alama ya mbele. Kijana alifikiri kidogo, akaniambia kwa upole kabisa: "Basi andika kwenye mwongozo kwamba wasiweke mkato."

Nimelirudia ombi hilo kichwani mara nyingi, maana ndani yake imo kazi yangu nzima. Programu imechanika, na mwongozo unaombwa uwe kiraka. Nikatii. Nikaandika kwamba mtumiaji asiweke mkato. Halafu nikakumbuka ile alama ya mbele, nikaongeza sentensi. Kisha kuna wanaoanza na TSh, nikaongeza nyingine. Kuna wanaoacha nafasi baada ya 15. Hadi nilipomaliza, maelekezo ya kuandika namba moja yalikuwa yamejaza sentensi nne, zote zikianza na "usi". Kesho yake kwenye kikao cha asubuhi nikazisoma kwa sauti, taratibu, kama tangazo la msiba. Watu wakacheka. Mchana wa siku hiyo hiyo mfumo ukawa unapokea kiasi kwa namna yoyote mtu atakayoandika, na zile sentensi nne nikazifuta.

Kuanzia hapo nilikuwa mjaribu wa mfumo na, bila mtu kulitamka neno hilo, mmoja wa wabunifu wake. Sikujifunza kuprogramu. Nilijifunza tu kwamba hatua isiyoandikika haikujengwa vizuri, na kwamba mtu wa kwanza kuligundua hilo ni yule anayelazimika kuiandika.

Niliwahi kudhani haya ni mambo ya kampuni changa zisizo na fedha za kuajiri. Historia ya kazi yenyewe inasema vingine. Mwongozo unaotajwa kuwa wa kwanza kabisa wa matumizi ya kompyuta ni ule wa BINAC, mashine iliyojengwa Philadelphia na kampuni ya Eckert na Mauchly kwa ajili ya kiwanda cha ndege cha Northrop. Aliyeuandika mwaka 1949 ni Joseph Chapline. Huyu bwana hakuanza kama mwandishi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania akitunza mashine kubwa ya kukokotoa hesabu za mizinga, na ni yeye aliyemwambia ofisa wa jeshi, Herman Goldstine, aende akamsikilize Mauchly na wazo lake la mashine ya kielektroniki. Mazungumzo hayo yakazaa ENIAC. Fundi, mshenga wa wazo, kisha mwandishi, na juu ya hayo mpiga kinanda cha kanisani. Kiraka wa daraja la kwanza.

Miaka 30 hivi baadaye akatokea Jef Raskin. Alikuwa amefundisha sanaa chuo kikuu huko California, akijua pia muziki na kompyuta, na kampuni yake ndogo ndiyo iliyoandika mwongozo wa lugha ya BASIC kwa kompyuta ya Apple II. Mwaka 1978 Apple ikamwajiri asimamie machapisho, yaani vitabu vya maelekezo. Mwaka uliofuata mtu huyu wa vitabu akaanzisha mradi wa kompyuta ambayo mtu wa kawaida angeitumia bila kuteseka, akaupa jina la aina ya tufaha alilolipenda kuliko yote, kwa tahajia ya kwake: Macintosh. Sishangai hata kidogo. Ukikaa muda mrefu ukieleza mambo yaliyojengwa kwa kupinda, utafika siku utake kuyanyoosha mwenyewe. Kilichofuata nacho hakinishangazi. Mwaka 1981 Steve Jobs aliushika mradi, mwaka 1982 Raskin akaondoka, na mashine iliyozinduliwa Januari 1984 ilikuwa mbali sana na ile aliyoiwaza. Waulize watu leo ni nani aliyeleta Macintosh, uone kama utamsikia mtu akimtaja mwandishi wa miongozo.

Nirudi Kijitonyama, kwenye ng'ombe.

Mfumo wa bei za mifugo hutuma ujumbe mfupi, na ujumbe mfupi una mipaka migumu. Mmoja hubeba baiti 140 tu. Ukitumia herufi za kawaida za simu, ambazo hazifiki hata 130, unapata nafasi 160. Tulijipanga vizuri: kila ujumbe wetu haukuzidi herufi 150. Ilipokuja ankara ya mwezi wa kwanza mhasibu alipiga kelele. Ujumbe wa bei za mbuzi ulikuwa umetozwa mara moja kama tulivyotarajia. Wa kondoo vilevile. Wa ng'ombe ulitozwa mara tatu.

Siku mbili madevelopa walipekua. Wakalaumu mtandao, wakamlaumu wakala anayetuuzia ujumbe, mmoja akafika kusema kwamba labda kuna anayetuibia kupitia ng'ombe. Mimi nilikuwa nimekaa na karatasi mbili, ujumbe wa mbuzi na wa ng'ombe, nikizilinganisha kama mhariri anavyolinganisha prufu, na tofauti pekee niliyoiona ilikuwa ndani ya neno lenyewe. Ng'ombe ana kikoma cha juu. Mbuzi hana.

Maneno ya ujumbe nilikuwa nimeyaandika mimi, kwenye Word. Word ina tabia ya kukipinda kikoma hicho kiwe kama mkia mdogo, kipendeze. Kile kilichonyooka kimo kwenye seti ya herufi za simu. Kilichopinda hakimo. Na ikiwamo herufi moja tu ya kigeni, ujumbe mzima hubadilishwa mfumo: kila herufi inakula baiti 2, na nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 67. Ujumbe wa herufi 150 unakuwa vipande vitatu, navyo vinalipiwa vyote.

Kwa hiyo hasara niliileta mimi, na dawa yake nikaileta mimi. Tangu siku hiyo hakuna ujumbe unaotoka bila kupita mezani kwangu. Yaani nikapata kazi nyingine, ambayo hata jina haina. Mhasibu huniita mganga wa vikoma. Kinachonifurahisha katika kisa hiki ni kwamba jawabu lilikuwa la Kiswahili. Kwa Kiingereza ng'ombe haandikwi kwa kikoma, na hata waandishi wa mfumo wa ujumbe huko ulikotoka sidhani kama walimfikiria.

Kutoka kwenye vikoma nilijikuta kwenye msamiati, na hapo ndipo muda wangu mwingi huishia. Watu hudhani kutafsiri programu ni kuwa na kamusi nzuri. Kamusi ninazo. Lakini chukua kitenzi "funga". Funga programu, funga akaunti, funga hesabu za siku: cha kwanza hakina madhara, cha pili kinamtoa mtu kwenye mfumo moja kwa moja, cha tatu ni kazi ya kila jioni. Mama mmoja wa duka la vipodozi Kariakoo alikataa kufunga hesabu kwa wiki nzima akihofia atafungiwa akaunti. Tukabadilisha tukaandika "Maliza siku". Chukua pia mtumaji na mtumiaji. Herufi moja imewatenga, na kwenye skrini ndogo macho huwachanganya. Mtumiaji sikumtaka tena. Kwenye miongozo yangu anaitwa mwenye duka, mfugaji au mnunuzi, kama anavyoitwa mtaani kwake.

Wanaotengeneza ndege walilitatua hili zamani. Wana aina ya Kiingereza kilichopunguzwa kwa ajili ya miongozo ya mafundi, ambamo neno moja limepewa maana moja tu na sentensi ya maelekezo haipaswi kuzidi maneno 20. Nimejitengenezea ya kwangu ya Kiswahili, kurasa tatu zilizobandikwa ukutani, na developa anayeweka "Ghairi" kwenye kitufe bila kuniuliza anajua atasikia sauti yangu.

Sisemi kwamba wataalamu hawakuifanya kazi hiyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na watu wa kompyuta na watu wa lugha walikaa meza moja kwa ajili yake. Mabishano ya tarakilishi na kompyuta nayo tunayafahamu. Lakini nikiangalia ni nani hasa aliyewafundisha Watanzania na Wakenya maneno ya teknolojia, namwona wakala wa pesa za simu kwenye kibanda chake. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaja kwetu mwaka 2008, na baada ya muda si mrefu bibi asiyewahi kuingia benki alikuwa anasema salio, wakala, namba ya siri. "Muamala" lilikuwa neno la benki na la vitabu vya dini; leo mama ntilie analitumia akiwa na mwiko mkononi. Akitaka kujua kama pesa imefika anauliza: imesoma? Haulizi kama malipo yamethibitishwa. Nilipendekeza skrini yetu iandike "Malipo yamesoma". Mkurugenzi akaona si Kiswahili sanifu. Tukajadiliana hadi chai ikapoa. Tukaafikiana kwamba skrini iandike "Malipo yamepokelewa", na mimi kwenye mafunzo niseme kwa mdomo: maana yake imesoma. Sijaridhika hadi leo.

Mafunzo nayo yalinijia kwa mlango wa nyuma. Anayejua maelekezo ndiye anayefaa kuyatoa, wakasema, na sikupata la kujibu. Ndipo nikatumwa mnada wa mifugo wa Pugu, asubuhi moja ya vumbi, niwaonyeshe wachuuzi namna ya kusoma ujumbe wetu wa bei. Nilimkuta mzee mmoja amekaa juu ya jiwe, fimbo mapajani, mjukuu wake kashika simu. Nikamwamkia, akaitikia. Mjukuu akamsomea: ng'ombe, wastani, na bei ikatajwa. Mzee akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, wastani ndiye ng'ombe gani?"

Nikaanza kueleza kwamba unachukua bei zote, unajumlisha, unagawa. Akanisikiliza kwa adabu hadi nilipomaliza. Akanyoosha fimbo: yule pale aliyekonda ana bei yake, na yule dume mwenye nundu ana yake, na hapa mnadani hakuna mtu atakayemuuzia wastani. Niliporudi ofisini niliandika taarifa ya mistari mitatu, nikaomba ujumbe utaje bei ya chini na bei ya juu kwa madaraja mawili ya ng'ombe. Ikaongeza herufi 23 na kazi ya wiki mbili kwa madevelopa. Ila walioacha kutusoma wakaanza kutujibu.

Ningekuwa nimekaa tu mezani nikisubiri nyaraka za kuhariri, mwongozo wangu ungekuwa na aya nzuri sana ya kueleza wastani.

Ndiyo maana silalamiki juu ya kazi hizi. Kujaribu, kubuni maneno ya skrini, kufundisha, kusikiliza simu za wateja, kuhakiki vikoma: zote zimetoka kwenye shina moja. Hata ile ya kulinda siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipopitishwa mwaka 2022, aliyeshtuka wa kwanza ofisini nilikuwa mimi, maana nilijua kwamba toleo la zamani la mwongozo wetu lilikuwa na picha ya skrini inayoonyesha majina ya kweli, namba za simu na madeni ya wateja wa duka moja. Nilizibadilisha picha zote usiku ule, na tangu hapo kwenye miongozo yetu anayedaiwa ni mtu mmoja tu, Mteja wa Kwanza, na namba yake ya simu ni sifuri tupu.

Kuna kazi za aina ya pili, na hizi hazina shina. Zinaokotwa barabarani na kutupwa mezani kwangu kwa sababu tu nina kalamu. "Dada, wewe si ndiye mwandishi, hebu tuchukulie muhtasari wa kikao." Muhtasari wa kikao, na ukichukua muhtasari basi unaandaa na chumba, na ukiandaa chumba unaulizwa chai iko wapi. Madevelopa watano wanajua kuandika. Sijaona mmoja akiombwa. Tangazo la msiba wa mfanyakazi mwenzetu, kadi ya mchango wa harusi, risala ya mahafali ya shule ambako mkurugenzi ni mgeni rasmi. Risala hiyo ilinichukua siku nzima. Nilimwekea na methali mbili.

Kisha zabuni. Tangu serikali ihamishie manunuzi yake kwenye mfumo wa NeST mwaka 2023, zabuni zinaonekana kwa urahisi zaidi, na kampuni yetu hujitosa kwenye nyingi. Zabuni ni maandishi, kwa hiyo ni yangu. Hapo nakiri nina mgongano moyoni, maana maelezo ya kitaalamu ya zabuni kweli yanahitaji mtu anayeujua mfumo na anayeweza kuueleza. Lakini kutafuta nakala ya leseni ya biashara, kukimbizana na muhuri, kupanga wasifu wa kila mtu? Mwezi tulioomba zabuni tatu, toleo jipya la mfumo wa maduka lilitoka bila mwongozo wake. Simu zilipomiminika, mkurugenzi aliniuliza mwongozo uko wapi. Aliniuliza kwa dhati kabisa.

Ubaya mwingine wa kiraka nimeujua nilipokwenda Tanga kumuuguza mama. Siku 10 tu. Siku ya nne aliyekuwa ameshika nafasi yangu alinakili ujumbe kutoka Word, kikoma kikapinda, ng'ombe wakatozwa mara tatu. Hakuwa na kosa. Dawa ya jambo lile ilikuwa kichwani mwangu na kwenye karatasi tatu za ukutani ambazo hakuna aliyeziangalia. Mimi, mtu ninayeishi kwa kuandika namna ya kufanya vitu, sikuwa nimeandika namna ya kufanya kazi yangu mwenyewe. Aibu ile naibeba bado.

Niliporudi nilifungua daftari. Wiki nne niliandika kila nilichokifanya na muda wake. Kwa kalamu ya bluu uandishi wenyewe. Kwa kijani kila kilichotokana na uandishi. Kwa nyekundu kila kilichonijia kwa kuwa niko karibu. Bluu ilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani, na hilo halikuniumiza, maana mwandishi mzuri wa miongozo haandiki muda mwingi. Anauliza, anabonyeza, anasubiri kujibiwa. Nyekundu ndiyo iliyonikalisha kitako. Ilikuwa siku 7 kati ya 20.

Nikasoma na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kusaini chochote. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi, maelezo ya kazi yake yakiwamo, na yakibadilika ashauriane naye, ayarekebishe na kumjulisha kwa maandishi. Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki. Za ziada zina mpaka wake na malipo yake, mara moja na nusu. Nikaona pia kipengele ambacho ningependa kila kijana anayeahidiwa cheo badala ya mshahara akisome: kanuni hizo za saa hazimhusu anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Wakati ule ule nilikuwa nimedokezwa kwamba huenda ningeitwa Meneja wa Nyaraka na Mawasiliano, na ningepewa msaidizi. Niliomba waniongeze mshahara na waniache na jina langu.

Nilikwenda kwa mkurugenzi na daftari, si na sheria. Ni mtu msikivu akishaonyeshwa kitu kwa rangi. Akapekua kurasa, akacheka alipofika kwenye risala, akanyamaza alipofika kwenye mwezi wa zabuni. Tulikubaliana mambo matatu. Muhtasari wa vikao utazunguka kwa zamu, madevelopa wakiwamo. Maelezo ya kitaalamu ya zabuni nitayaandika, karatasi nyingine zote ni za mhasibu na kijana wa masoko. Na ataajiriwa mwandishi wa pili.

Tangazo la nafasi hiyo, bila shaka, nimeombwa kuliandika mimi.

Nimeliandika juzi. Majukumu nimeyapanga kwa uaminifu, nikaweka kujaribu mfumo juu kabisa, nikaweka mafunzo, nikaweka kusimamia msamiati wa skrini, nikaweka kutembelea minada. Nilipofika mwisho vidole vikaenda vyenyewe kwenye ule mstari tunaoujua. Nikausoma, nikaufuta, nikaandika: kufanya kazi nyingine zinazotokana na uandishi wa miongozo. Nikatuma.

Mkurugenzi alinipigia jioni, niko kwenye daladala ya Mwenge. Alisema tangazo ni zuri, isipokuwa ule mstari wa mwisho haueleweki. "Kazi zinazotokana na uandishi ndizo zipi hasa, dada? Hebu nifafanulie kidogo." Nilimwomba anipe hadi Jumatatu. Orodha imeingia ukurasa wa pili na sijafika bado kwenye vikoma. Kabla hajakata simu akanikumbusha kwamba Jumamosi ana mahafali mengine, Kibaha.